Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa: majina ya mitaa ya Kariakoo yalikotoka

SWALI: Nina duka la vitenge Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Mwanangu wa darasa la sita ameniuliza Narung'ombe alikuwa nani, nikakosa jibu. Jirani mmoja anasema zamani hapa palikuwa na mnada wa ng'ombe. Mwingine anasema ni jina la mzee wa Kizaramo aliyemiliki eneo hili. Baadhi ya wenzangu wanaona jina lenyewe halina maana, na wanataka tuombe libadilishwe ili tumuenzi mzee mmoja wa sokoni aliyetusaidia wengi. Ukweli ni upi? Na mwenye mamlaka ya kubadili jina la mtaa ni nani?

JIBU: Dada yangu, jirani zako wote wawili wamekosea, lakini usiwalaumu. Jina likikaa miaka mia bila mtu wa kulieleza, watu hulitafutia maelezo yaliyo karibu, na ng'ombe yumo humo humo ndani ya jina.

Narung'ombe ni mahali. Ni kusini, Mkoa wa Lindi, katika Wilaya ya Ruangwa ya leo, na mpaka sasa kuna kata yenye jina hilo. Tarehe 19 Julai 1917 palipiganwa hapo kati ya majeshi ya Waingereza yaliyokuwa yakishuka kutoka upande wa Kilwa na majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma kuelekea kusini. Waliopigana, kwa sehemu kubwa, walikuwa Waafrika kwa Waafrika: upande wa Waingereza kulikuwa na askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, pamoja na kikosi kilichotoka Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Upande wa pili walikuwa askari wa Wajerumani, wengi wao watu wa nchi hii hii.

Sasa toka nje ya duka lako utazame mitaa ya jirani. Tandamti inapita ubavuni mwa soko. Tandamuti, kama inavyoandikwa kwenye vitabu vya vita, ni kilima magharibi ya mji wa Lindi, na palipiganwa hapo tarehe 3 Agosti 1917, wiki mbili tu baada ya Narung'ombe. Ukitembea kidogo utakuta Mtaa wa Mahiwa. Mahiwa nayo iko Lindi, jirani na Nyangao, na kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 palipiganwa hapo mapambano yanayohesabiwa kuwa yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Kikosi cha Wanigeria kilipata pigo kubwa sana siku zile nne.

Majina matatu ya mahali pa mbali, vijiji ambavyo mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam hakuwa na sababu ya kuvijua, yote kutoka uwanja mmoja wa vita na yote ya miezi minne ya mwaka mmoja, yamewekwa ndani ya eneo dogo la mji. Jina moja peke yake lingeweza kuwa la bahati. Matatu kwa pamoja siwezi kuyaita bahati, hasa ukikumbuka yamewekwa katika ardhi gani.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Vita vile vilipofika kwetu, jeshi lilikwenda kwa miguu. Mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe wa kukokota, malori yalikuwa machache, na mvua ya masika iliyazamisha hayo machache yaliyokuwapo. Chakula, risasi, maji na majeruhi vilibebwa na watu. Kwa muda wote wa vita Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni 1 katika Afrika Mashariki, wengi wakichukuliwa kwa nguvu vijijini, na makadirio ya waliokufa hayako mbali na 100,000. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache kati yao. Waliobaki walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa, mzigo ukiwa bado uko kichwani.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Walikuta Wajerumani wamekwisha kupima viwanja vya mji mpya wa Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja na kujenga jengo la soko, kabla vita havijakatiza mpango wao. Jengo hilo na eneo lake vikafanywa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa Carrier Corps. Kinywani mwa watu Carrier Corps ikawa Kariakoo. Nairobi nayo ilikuwa na kambi ya namna hiyo, na pale jina likatoka Kariokor. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo na mwenzake wa Kariokor wanafanyia biashara penye historia moja, ingawa ni wachache wanaolifahamu hilo.

Nenda pia pale Posta ukaitazame sanamu ya askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyechongwa na kusimamishwa juu ni askari mwenye bunduki. Mpagazi hana sanamu mjini hapa. Alichonacho ni Kariakoo yenyewe, na majina ya vilima na vijiji ambako aliangukia: Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote kwamba mtaa wako ni sehemu ya kumbukumbu kubwa kuliko zote walizonazo watu wale, na inaniuma kuona hakuna hata kibao kimoja kinachomwambia mpita njia jambo hilo.

Nikutoe wasiwasi pia kuhusu herufi. Vibao vingine huandika Narungombe bila ile alama ya ng', vingine Tandamuti, vingine Tandamti. Hiyo ni mikono tofauti ya waandishi, mahali ni pale pale.

Kama unataka kumfundisha mwanao kuchunguza majina, mfundishe kwanza asiulizie jina moja moja. Majina ya mitaa yaliyopimwa kwa pamoja hutolewa kwa mafungu, na jina usilolielewa mara nyingi huelezwa na majirani zake. Ukishuka upande wa Misheni Kota utakuta Likoma, Magila, Masasi, Kiungani. Mtu akikwambia Masasi imewekwa kwa sababu Wamasasi walihamia hapo, muulize basi Likoma imefuata nini. Likoma ni kisiwa katika Ziwa Nyasa, na ndipo lilipo kanisa kuu la Waanglikana wa misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Magila iko Muheza, ni misheni ya watu hao hao. Masasi vilevile. Kiungani kilikuwa chuo chao Unguja. Mtaa wa Mhonda unatokana na misheni pia, ila hiyo ni ya Wakatoliki, kule Turiani, Morogoro. Jina la Misheni Kota linakuwa limejieleza lenyewe: ni sehemu iliyokaliwa na Wakristo waliotoka kwenye vituo hivyo, na walikuja na majina ya kwao.

Kuna fungu la makabila na watu: Nyamwezi, Swahili, Somali, Udowe, Sukuma, Gogo. Kuna la miti, kama Mchikichi na Mkunguni. Sikukuu na Raha ni majina ya furaha, sina la kuongeza hapo. Livingstone amebaki mpaka leo katikati ya yote hayo.

Baada ya fungu la vita, majina yanayonivuta zaidi ni yale ya watu wetu walioanza kudai nafasi yao mapema. Mtaa wa Aggrey umepewa jina la Dakta James Aggrey, msomi wa Gold Coast aliyefika Dar es Salaam mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Siku zile kumwona Mwafrika mwenye elimu ya namna ile, akikaa meza moja na Wazungu na kuzungumza nao kama wenzake, lilikuwa jambo la kuwatia watu nguvu. Mmoja wa waliokutana naye alikuwa Kleist Sykes, ambaye mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na katibu wake wa kwanza. Mtaa wa Kipata ulibadilishwa jina ukawa Mtaa wa Kleist Sykes. Na hapa mambo yanakutana kwa namna ambayo mwanao ataipenda: Kleist, kijana wa Pangani aliyezaliwa mwaka 1894, alipigana katika vita vile vile akiwa askari wa upande wa Wajerumani. Leo jina lake liko mwendo mfupi kutoka Narung'ombe na Mahiwa.

Lile pana linalopakana na Mnazi Mmoja, Mtaa wa Lumumba, zamani liliitwa New Street. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, na mji ukampa barabara iliyokuwa mlangoni pa TANU. Sasa jina limekua hata likahama: ukisikia mtu anasema "Lumumba wameamua hivi", anazungumzia CCM, wala hazungumzii Kongo.

Ukimsikia mtu anasema mitaa ya hapa ina majina mawili mawili, hajakosea. Mji huu umeandikwa upya kila ulipobadilisha mwenyewe. Barabara ya Samora ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Waingereza wakaichukua kama ilivyo, ikawa Acacia Avenue. Baada ya mwaka 1961 ikawa Independence Avenue, na mwishowe ikapewa jina la Samora Machel. Samora hakuwa mgeni hapa, maana FRELIMO, chama chake cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake mji huu tangu mwaka 1963. Ukisoma vibao vya Luthuli, Nkrumah, Sekou Touré, Sam Nujoma na Mandela ukayaweka hayo akilini, unaona kwamba ni orodha ya watu ambao mji huu uliwapokea au kusimama upande wao.

Pale mjini kuna Mtaa wa Makunganya, ambao watu hupita wakienda benki bila kugeuka. Hassan bin Omari Makunganya alipambana na Wajerumani kule Kilwa, wakamnyonga Kilwa Kivinje mwaka 1895. Jina lake leo limo katikati ya mji ambao hao hao Wajerumani waliufanya makao makuu yao. Na Bibi Titi Mohamed, aliyewatoa kina mama majumbani kujiunga na TANU, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini na kuachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Barabara kubwa iliyopewa jina lake ilikuwa njia mojawapo ya taifa kumrudishia heshima yake hadharani. Barabara inaweza kufanya kazi hiyo. Siwapingi wenzako wanaotaka kumuenzi mtu.

Lakini angalia pia jinsi majina ya zamani yanavyokataa kufa. Ocean Road iliitwa Barack Obama Drive kwa heshima ya ziara yake ya Julai 2013, na bado mgonjwa wa saratani anaambiwa aende Ocean Road, kwa sababu taasisi ile imebaki na jina lake. Kivukoni Front iliwahi kuitwa Azania Front, na kanisa kuu la Kilutheri pale ufukweni linaitwa Azania Front mpaka leo. Pugu Road ikawa Barabara ya Nyerere, na wazee wengi wanaendelea na Pugu Road yao. Jina la zamani hushikiliwa na hospitali, kanisa, kituo cha daladala na ulimi wa wazee. Kwa mfanyabiashara hili lina gharama: leseni inasema hivi, mteja anasema vile, mzigo unapelekwa kwingine.

Sasa kuhusu mamlaka. Katika miji yetu neno mtaa linabeba vitu viwili, na mkanganyiko unaanzia hapo. Kuna mtaa wa kiutawala, wenye mwenyekiti na ofisi ya serikali ya mtaa, ambao ndani yake zimo barabara nyingi. Kuna na mtaa wa njia, kama huo wa Narung'ombe. Mwenyekiti wako hana uwezo wa kubadili jina la njia kwa mhuri wake. Kwa kawaida pendekezo huanzia kwenye mkutano wa wakazi, likaenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ndiyo inayopitisha. Kwenu ninyi hiyo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo iliyochukua nafasi ya Manispaa ya Ilala. Majina ya viongozi wakuu kwenye barabara kuu mara nyingi hushuka kutoka juu serikalini, lakini nyie hamko huko.

Tena kuna jambo jipya ambalo wenzako wanapaswa kulifikiria. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi na postikodi. Kila nyumba ilitakiwa iwe na namba na kila barabara iwe na jina na kibao, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali. Jina likibadilika sasa, linabadilika pia kwenye mfumo huo, kwenye leseni zenu, kwenye mikataba ya pango na kwenye nyaraka za benki za kila mwenye duka. Haiwezekani? Inawezekana. Ila ni kazi ya watu wengi kwa miezi mingi.

Ushauri wangu ni huu, na nausema bila kuzunguka: msilibadili. Ningesema hivyo hata kama lingekuwa jina la kawaida, lakini hili si la kawaida. Majina yale matatu yanaelezana, kama mafiga matatu ya jiko. Ukiondoa moja, mawili yaliyobaki hayasimamishi kitu, na mtoto atakayeuliza miaka 30 ijayo hatapata hata pa kuanzia. Kumuenzi mzee wenu kwa kuwafuta watu waliokufa bila makaburi yenye majina si heshima, na nadhani mzee mwenyewe, kama ni mtu mwema mnayemsimulia, asingeikubali.

Zipo njia nyingine za kumuenzi. Vichochoro vya Kariakoo vilivyo kati ya maduka vingine havina jina rasmi, na watu huvitaja kwa duka lililo mwanzoni mwake. Mnaweza kuomba kimojawapo kiitwe kwa jina lake. Pia nje ya mji mkongwe, Chanika, Kivule, Goba na kwingineko, njia zinafunguliwa kila mwaka, na operesheni ile ya 2022 ilikwenda kwa kasi hata zikapatikana njia nyingi zenye majina yaliyowekwa ili fomu ijazwe tu. Huko jina zuri halimwondoi mtu.

Na kwa mtaa wenu ombeni kitu rahisi zaidi: kibao cha maelezo chini ya kibao cha jina. Mistari mitatu inatosha. Narung'ombe, Lindi. Mapigano ya 19 Julai 1917. Kwa kumbukumbu ya wapagazi wa Kariakoo. Pelekeni ombi kwenye mkutano wa mtaa, na muwashirikishe wenye maduka wa Tandamti na Mahiwa, maana hoja yenu itakuwa na nguvu zaidi mkienda mitaa mitatu kwa pamoja.

Mkifika kwenye kikao, iwe ni kwa ajili ya kibao au kwa ajili ya kichochoro cha mzee wenu, sisitizeni jambo moja: katibu aandike kwenye muhtasari sababu ya jina, siyo jina peke yake. Aandike huyo ni nani, alifanya nini, kwa nini hapa. Muhtasari huo uwekwe nakala ofisi ya kata na nakala ya pili abaki nayo mmoja wenu. Majina mengi ya mji huu yanatusumbua leo kwa sababu mtu alipitisha jina na hakuandika sababu.

Mwanao mwambie hivi: Narung'ombe ni kijiji kusini, walikufa watu pale, na baadhi ya waliobeba mizigo ya vita vile walilala hapa Kariakoo kabla ya kupelekwa huko. Akitaka kujua zaidi, mfungulie ramani ya Mkoa wa Lindi, umwachie atafute mwenyewe Mahiwa na Nyangao.